Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuingiza Mradi wa Wafanyabiashara kwenye Mpango na Bajeti ya Kaunti

Kila mwaka ifikapo Mei, kumbi za kaunti zetu hapa Kenya hujaa watu. Wenye maduka, wachuuzi, wavuvi, wakulima na wenye malori huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti. Husimama mmoja mmoja: huyu ataje soko lisilo na paa, yule barabara iliyokatika, mwingine diko (mahali pa kushushia samaki) lisilo na barafu. Wanatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria na kurudi makwao. Julai bajeti ikitoka, hakuna hata moja kati ya waliyoyasema.

Wengi huondoka wakiamini kwamba kaunti haisikii. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi watu hao walifika hesabu zikiwa zimeshafungwa, tena mikono mitupu: hawana kipimo cha hasara, hawana gharama, hawajui kama ombi lao limo katika mpango wa miaka mitano. Mwongozo huu ni wao. Unafuata mwaka mzima wa bajeti, hatua kwa hatua, na unawataka wafanyabiashara waongoze badala ya kungoja kualikwa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: wavuvi na wafanyabiashara wa samaki wa diko moja la Pwani wanaotaka mtambo wa barafu na chumba cha baridi. Mfano ni wa kubuni na takwimu zake ni za kuonyesha njia tu. Sheria na tarehe ni za kweli, na zinamhusu pia mwenye maziwa Nyandarua, mwenye maembe Makueni na mwenye mifugo Garissa.

## Mnachohitaji kabla ya kuanza

Nyaraka

- Mpango wa miaka mitano wa kaunti yenu, ambao ofisini kila mtu huuita CIDP. Unaotumika sasa ni wa 2023–2027.
- Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, yaani ADP, wa mwaka huu na wa mwaka uliopita.
- Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti, CFSP, wa karibuni zaidi.
- Bajeti iliyopitishwa. Hakikisheni ina orodha ya miradi kwa kila wadi, kwa sababu jumla za idara peke yake hazitawasaidia.
- Ripoti ya karibuni ya Msimamizi wa Bajeti kuhusu matumizi ya kaunti. Hutolewa kila robo mwaka na ni ya umma.

Mkinyimwa nyaraka, andikeni barua ya kuomba habari kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman. Bakini na nakala ya barua iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Watu

Watatu wanatosha kuanza: anayejua hesabu, anayejua kuandika, na ambaye hakosi mkutano. Huyo wa tatu ndiye adimu kuliko wote.

Vitu

Daftari za kuhesabia, mizani, faili moja la karatasi, na fedha kidogo za nauli na nakala. Changeni wenyewe. Kikundi kinachofadhiliwa na mwanasiasa hata kwenye fotokopi hakitaweza kumuuliza swali gumu.

Kalenda ya kubandika ukutani

- 30 Agosti: hazina ya kaunti hutoa waraka wa ratiba ya bajeti.
- 1 Septemba: ADP hufikishwa katika Bunge la Kaunti.
- 28 Februari: CFSP hufikishwa bungeni.
- 30 Aprili: makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni.
- 30 Juni: mwisho wa kupitisha bajeti. Mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai.
- Ndani ya siku 90 baada ya kupitishwa kwa Mswada wa Ugawaji wa Fedha: Mswada wa Fedha, wenye tozo na ada, hupitishwa.

Tarehe hizi zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Hazibadiliki kwa sababu gavana amebadilika.

## Hatua ya 1: Chagueni jambo moja, na lihakikisheni ni la kaunti

Kikao cha kwanza cha wafanyabiashara huzaa maombi kumi na tano. Yaandikeni yote, kisha mchague moja. Afisa wa mipango akipokea orodha ndefu, atachagua lililo rahisi kwake, na huenda likawa ndilo la mwisho kwenu.

Chujeni kwa maswali matatu. Jambo hili likitatuliwa, je, watu wengi watapata kipato zaidi au ni watatu tu? Linaweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja au miwili ya fedha? Na je, ni kazi ya kaunti?

Swali la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Jedwali la Nne la Katiba linagawa majukumu. Kaunti zina kilimo, mifugo na uvuvi, masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika, utalii wa ndani, barabara za kaunti, taa za mitaani, maji na vyuo vya ufundi vya vijijini. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu, na polisi pia. Watu hupoteza mwaka mzima wakimsumbua gavana kuhusu barabara iliyo chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu.

Uvuvi ni wa kaunti, kwa hiyo barafu ya diko letu imepita mtihani.

Onyo: chunguzeni ardhi mapema. Madiko mengi ya Pwani hayana hati, na mengine yamezungushiwa ua na watu binafsi. Kaunti haiwezi kujenga mtambo mahali pasipo pake. Nendeni ofisi ya ardhi mfanye upekuzi rasmi wa kiwanja kabla ya kuandika mstari wowote wa ombi. Ardhi ikiwa na mzozo, hilo ndilo jambo lenu la kwanza na barafu isubiri.

Mtajua mmefaulu: mnaweza kusema ombi lenu kwa sentensi moja, na kila mwanachama anaisema vilevile.

## Hatua ya 2: Jengeni uongozi unaowabeba wadogo

Mradi wa uchumi ukibebwa na matajiri watatu wa mji, wawakilishi wadi watauona kuwa ni biashara ya watu watatu. Ukibebwa na wanyonge peke yao, hautakuwa na nauli ya kufika makao makuu. Mnahitajiana.

Katika diko letu, mezani waketi wavuvi wenye vyombo na wasio na vyombo, matajiri wanaonunua kwa jumla, wachuuzi wa baiskeli na bodaboda, na akina mama karanga wanaonunua samaki wadogo na kuwakaanga jioni. Mama karanga ndiye anayejua ni samaki wangapi hulegea ifikapo saa tisa alasiri, kwa sababu ndiye anayeuziwa hao waliolegea. Kamati isiyo naye itaandika takwimu za uongo bila kujua.

Tumieni chombo kilichokwisha kusajiliwa: kikundi cha usimamizi wa ufuo, chama cha ushirika, au tawi la kaunti la Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda, KNCCI. Kusajili chama kipya kwa kila ombi ni kujichosha, na huwapa wapinzani nafasi ya kuuliza ninyi ni nani.

Kisha tafuteni kiti kimoja muhimu. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaitaka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti, mawaziri wake wamo, na idadi sawa na ya mawaziri hao ni watu wasio watumishi wa kaunti. Wanatoka katika mashirika ya wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, walemavu, wazee na makundi ya dini. Ulizeni: nani anawakilisha wafanyabiashara humo? Wengi hawajawahi kumsikia mtu huyo. Mtafuteni, mpeni faili lenu, mwambieni mtamtafuta tena kabla ya kila kikao. Kama jukwaa halijaundwa, au lipo kwa jina tu, andikeni barua rasmi mkidai liitishwe.

Onyo: andikeni mapema kanuni hii na kila kiongozi atie sahihi: anayeongoza kampeni ya mradi, yeye na jamaa zake hawataomba zabuni ya kuujenga. Kanuni hii ikikosekana, yatakayofuata ni mashaka, na mashaka yataua mradi kabla ya kufika bungeni.

Mtajua mmefaulu: mwenye chombo na mama karanga wanaweza kila mmoja kueleza kwa nini mwenzake anahitaji barafu.

## Hatua ya 3: Pimeni hasara kwa mizani

Hapa ndipo maombi mengi hufia. Watu husema "samaki wanaoza sana." Afisa wa hazina hana safu ya "sana" kwenye jedwali lake.

Chukueni mizani na daftari. Kila siku ya kupima andikeni vitu vinne: kilo zilizoshuka, kilo zilizouzwa kwa bei nzuri ya asubuhi, kilo zilizouzwa kwa bei ya kutupa baadaye, na kilo zilizomwagwa. Andikeni na bei zenyewe.

Pimeni misimu yote miwili. Wakati wa kaskazi bahari ni shwari, vyombo vinatoka na samaki ni tele. Wakati wa kusi upepo ni mkali, wengi hawatoki, na wanaopatikana wananunuliwa papo hapo. Mkipima kaskazi peke yake mtaomba mtambo mkubwa utakaolala nusu mwaka ukiwadai bili. Mkipima kusi peke yake, afisa atasema hakuna tatizo. Ratiba inakaa vizuri yenyewe: kaskazi mnapima Desemba hadi Februari, kusi Mei hadi Julai, na Agosti mna hesabu kamili mkononi kabla ya tarehe ya ADP.

Tuseme daftari linaonyesha kwamba kaskazi hushuka kilo 1,200 kwa siku, na kilo 150 kati ya hizo huuzwa kwa bei iliyopungua Sh120 kwa kilo. Hasara ni Sh18,000 kwa siku. Kwa siku 100 za uvuvi za msimu, ni Sh1,800,000. Hiyo ndiyo namba ya kuweka juu ya ukurasa wa kwanza.

Ukubwa wa mtambo nao utokane na daftari. Katika joto la Pwani, kipimo cha kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Lakini samaki wanaonunuliwa na kukaangwa asubuhi ile ile hawahitaji barafu, kwa hiyo ondoeni kilo zao kwanza. Mtu akiwashauri mtambo mkubwa zaidi "kwa ajili ya siku za usoni," mwombeni aonyeshe siku hizo ziko wapi kwenye daftari.

Onyo: msikuze namba. Maafisa wa uvuvi nao wana takwimu za samaki walioshuka, na watazilinganisha. Mkikamatwa na namba moja ya uongo, hata za kweli hazitasikilizwa.

Mtajua mmefaulu: mgeni akilifungua daftari anapata jibu lile lile mlilopata ninyi.

## Hatua ya 4: Tafuteni mstari wenu kwenye mpango wa miaka mitano

Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango uliopitishwa. Kwa maneno mengine, mradi usio na mizizi kwenye CIDP ni rahisi kukataliwa, na anayeukataa atakuwa na sheria upande wake.

Fungueni sura ya idara yenu. Someni majedwali, maelezo marefu yapiteni tu. Mnatafuta maneno kama "miundombinu ya baada ya mavuno," "ujenzi wa vituo vya samaki," "vyumba vya baridi." Mkiyapata, nakilini jina la programu, namba ya jedwali na ukurasa. Ombi lenu litatumia maneno hayo hayo. Afisa akiona lugha yake, kazi yake ya kuwaingiza inapungua.

Msipoyapata, msikate tamaa. Angalieni kama kuna programu pana inayoweza kubeba jambo lenu. Ulizeni pia kama mapitio ya katikati ya muhula yanafanyika. Na kama mlango umefungwa kabisa, anzeni kuandaa hoja kwa ajili ya mpango utakaofuata uchaguzi wa Agosti 2027, kwa sababu serikali mpya huuandika kwa haraka, na anayefika na karatasi iliyo tayari hupata nafasi.

Mtajua mmefaulu: ombi lenu linataja ukurasa.

## Hatua ya 5: Andikeni pendekezo la kurasa mbili

Mbili, basi. Viambatisho viwe nyuma. Liwe na sehemu hizi, kwa mpangilio huu:

1. Ombi kwa sentensi moja. "Tunaomba kaunti ijenge na kuweka mtambo wa barafu na chumba kimoja cha baridi katika diko letu katika mwaka ujao wa fedha."
2. Hasara ya sasa. Namba kutoka kwenye daftari, misimu yote miwili.
3. Mahali kwenye mpango. Ukurasa na jedwali la CIDP.
4. Gharama ya kujenga. Bei za wauzaji watatu tofauti kwa mtambo, na makadirio ya mhandisi kwa jengo.
5. Gharama ya kuendesha. Stima, maji, mshahara wa fundi, vipuri, ulinzi.
6. Mchango wenu. Mfano: usimamizi, mapipa ya kuhifadhia, na makubaliano ya kununua barafu kwa bei inayolipia uendeshaji.
7. Atakayesimamia. Jina la chama, na namba ya usajili.

Sehemu ya tano ndiyo inayotenganisha mradi utakaoishi na jengo litakalogeuka makazi ya popo. Mtambo wa barafu unakula umeme mwingi; ulizeni kampuni ya umeme kama laini ya fezi tatu inafika hapo, na transfoma iko umbali gani. Mtambo unataka pia maji safi. Visima vingi vya ufuoni vina chumvi. Ulizeni fundi wa mitambo ya baridi aliye karibu anatoka mji gani, maana mtambo ukiharibika Ijumaa na fundi akafika Jumatano, samaki wa siku tano wameharibika na imani ya wateja pia.

Pangeni bei ya barafu hapo hapo kwenye karatasi. Jumlisheni gharama zote za mwezi, ongezeni akiba ya matengenezo, gawanyeni kwa kilo mtakazouza. Fanyeni hesabu hiyo mara mbili, ya kaskazi na ya kusi. Kama kusi inaleta hasara, semeni wazi akiba ya kaskazi itaifunikaje. Nimesoma mapendekezo mengi ya vikundi, na sehemu hii ndiyo hukosekana karibu kila mara. Ndiyo pia ya kwanza kuulizwa na waziri wa fedha wa kaunti.

Onyo: msiandike kwamba mradi "utabuni ajira 500." Andikeni nafasi mnazoweza kuzitaja: fundi mmoja, karani mmoja, walinzi wawili. Faida kubwa iko kwenye bei ya samaki, na hiyo mmekwisha kuipima.

Mtajua mmefaulu: mtu asiyewahi kufika diko anasoma kurasa mbili na kuuliza swali kuhusu utekelezaji, hahitaji tena kuuliza tatizo ni nini.

## Hatua ya 6: Pelekeni kabla ya Septemba

Lengo ni kuingia kwenye ADP, mpango wa mwaka unaofikishwa bungeni kabla ya 1 Septemba. Maafisa huanza kuuandika wiki nyingi kabla, kwa hiyo faili liwe mikononi mwao Julai hadi mwanzoni mwa Agosti. Kupima kusi kukiwa bado kunaendelea, pelekeni pendekezo na hesabu zilizopo, kisha mkamilishe kwa barua.

Pelekeni nakala kwa ofisi nne: idara inayohusika, idara ya mipango na fedha, mwakilishi wadi wenu, na karani wa Bunge la Kaunti. Kila nakala yenu irudi na mhuri na tarehe. Kabla ya hapo, ketini na mkurugenzi wa uvuvi ana kwa ana. Yeye ndiye atakayeutetea mradi katika vikao ambavyo hamtaingia, na hawezi kutetea asichokielewa.

Ofisi ikiwatembeza na mtu akadokeza "chai," kataeni, andikeni tarehe na jina la ofisi, mrudi mkiwa wengi. Anayelipa ili karatasi isogee ataambiwa alipe tena Februari, tena Aprili.

ADP inapaswa kutangazwa ndani ya siku saba baada ya kufikishwa bungeni. Itafuteni. Someni majedwali hadi mwisho.

Mtajua mmefaulu: mradi umo kwenye jedwali, jina la diko limeandikwa na kiasi cha fedha kimeonyeshwa. "Uboreshaji wa madiko" bila jina la mahali bado si lenu. Ombeni marekebisho kwa barua kwa kamati ya bunge.

## Hatua ya 7: Februari, mwezi unaoamua

Kama mnaweza kwenda makao makuu mara moja tu kwa mwaka, nendeni Januari au Februari.

Waraka wa Mkakati wa Fedha ndio unaoweka ukomo wa matumizi kwa kila idara. Baada ya kufikishwa bungeni ifikapo 28 Februari, wawakilishi wana siku 14 kuujadili. Ukishapita, kila idara inajua haiwezi kuvuka wapi. Na hapa pana kanuni ambayo wafanyabiashara wachache wanaijua: Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma kwa Kaunti za 2015 zinasema bunge likibadilisha makadirio, ongezeko au punguzo kwenye fungu la idara lisizidi asilimia moja ya ukomo wake. Tena sheria inataka nyongeza yoyote ifidiwe kwa kupunguza kwingine.

Ndiyo maana maneno ya Mei hayazai. Idara ya uvuvi ikiwa imepewa ukomo mdogo mwezi Februari, hata mwakilishi wadi anayewapenda kwa dhati hana nafasi ya kuwapa mtambo wa mamilioni.

Sheria inaitaka hazina itafute maoni ya umma inapoandaa waraka huu. Ulizeni tarehe ya kikao mapema, kwa sababu matangazo huwa ya kimya. Hoja yenu ya Februari ni tofauti na ya Agosti. Agosti mlisema "tunahitaji barafu." Sasa semeni: "Mradi huu umo kwenye ADP, gharama yake ni kiasi hiki, kwa hiyo ukomo wa idara ya uvuvi uongezwe kiasi hiki." Mwakilishi wenu katika Jukwaa la Bajeti na Uchumi aseme maneno hayo hayo siku hizo hizo.

Mjue pia nafasi ilipo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa muda wa kati, iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zimeweka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ripoti ya Msimamizi wa Bajeti itawaonyesha kaunti yenu iko wapi. Kama inatumia kidogo kwenye maendeleo, hiyo ni hoja yenu, na imeandikwa na ofisi ya kikatiba.

Mtajua mmefaulu: ukomo wa idara yenu unatosha kubeba mradi pamoja na mingine iliyokwisha kuanza.

## Hatua ya 8: Aprili hadi Juni, lindeni mlichopata

Makadirio yakifika bungeni, tafuteni mstari wenu. Ukiwepo, kazi ni kuulinda. Nendeni kwenye kikao cha kamati ya bajeti na msemaji mmoja. Azungumze dakika tatu: ombi, hasara, ukurasa wa ADP, kiasi. Akabidhi karatasi kwa karani ili iingie kwenye kumbukumbu. Wengine waketi nyuma yake. Wingi wao unatosha.

Mstari ukiwa umetoweka, ulizeni hadharani ulikwenda wapi na mradi gani ulichukua nafasi yake.

## Hatua ya 9: Msipuuze Mswada wa Fedha

Mkiwa mmefurahi kupata mtambo, Mswada wa Fedha unaweza kuleta ushuru mpya wa kila kreti ya samaki na kumeza faida yote. Usomeni. Linganisheni kila ada na ya mwaka uliopita.

Mna msingi imara wa kusimama. Ibara ya 209 ya Katiba inakataza kaunti kutoza kwa njia inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Na mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kumbusheni hilo kwa heshima, kwa maandishi. Pendekezeni pia kiwango mbadala, kwa sababu kaunti inahitaji mapato ili itengeneze hizo barabara mnazozitaka.

## Hatua ya 10: Fuatilieni hadi barafu itoke

Kuwemo kwenye bajeti hakujawapa barafu. Kati ya Julai na makabidhiano kuna mashimo matatu.

Bajeti ya ziada. Katikati ya mwaka kaunti inaweza kuhamisha fedha. Miradi ambayo haijatangazwa zabuni ndiyo hukatwa kwanza. Kwa hiyo kuanzia Julai ulizeni kila mwezi: michoro iko tayari? Kibali cha NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kimeombwa? Zabuni imetangazwa lini?

Madeni ya wakandarasi. Kaunti nyingi zina madeni makubwa, na mkandarasi asiyelipwa huondoka na mafundi wake. Angalieni kiasi cha madeni kwenye ripoti ya robo mwaka. Shinikizeni malipo ya kazi iliyokamilika, hata kama mkandarasi si mtu wenu.

Kazi mbovu. Undeni kamati ya mradi yenye watumiaji wenyewe. Makueni imejulikana kwa kuwapa wananchi nafasi hiyo kwenye miradi ya kaunti, na hakuna sababu ya ninyi kutoiomba. Ombeni nakala ya orodha ya kazi na vifaa, mkague unene wa kuta za chumba cha baridi na uwezo wa mtambo ulioandikwa kwenye kibati chake. Uwezo ukiwa chini ya ulioagizwa, andikeni kabla ya kazi kupokelewa. Baada ya hapo mmechelewa.

Siku ya makabidhiano, msipokee funguo mpaka mambo haya yawe yametimia: mtambo umefanya kazi mfululizo mchana na usiku kucha mbele yenu, mita ya stima imesajiliwa kwa jina la chama kitakacholipa, mkataba wa usimamizi kati ya kaunti na chama umetiwa sahihi na unaeleza nani hulipia matengenezo makubwa, fundi mmoja wa hapo amefunzwa na aliyeuza mtambo, na daftari la mapato limefunguliwa, likiwa na watu wawili wa kutia sahihi, mmoja wao akitoka kwa akina mama karanga.